Nilivyowauliza Wakwe Shamba Lao Walilipata Wapi

Tangu nirudi mmeniuliza sana, ninyi wa kibanda cha chai na ninyi wa kwaya, na kila nikianza kusema nakatizwa kabla sijafika London. Mmoja anataka majumba marefu. Mwingine anataka kujua kama ni kweli huko kuna wazungu wanaoomba barabarani. Wapo, niliwaona. Sasa nimeandika ili nimalize. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha redio afungue redio. Habari ya viza na tiketi nimeiruka, mateso yale kila mtu anayajua. Nitasema njia, na watu, na neno lililonipeleka.

Nakuru hadi Gaithersburg

Ndege ya kwanza ilitufikisha London salama. Ya pili ikakwama. Mara tuliambiwa ni ukungu, mara ni kifaa fulani, mwisho wakaacha kutangaza, tukabaki tumeketi kama watu wanaongoja daktari. Kando yangu alikuwepo mama mmoja wa Lubumbashi, na mkoba wake ulikuwa jiko zima.

"Papa, weye unafunga?" akaniuliza. "Tangu asubuhi unaangalia tu watu vinywa."

Akanimegea bukari ya baridi, yaani ugali huu wetu ila umechanganywa na muhogo, na samaki mkavu juu yake. Wazungu waliokuwa karibu wakahama viti kwa ajili ya harufu, tukapata mahali pa kunyoosha miguu.

"Unaenda fanya nini kule?"

"Naenda kukataa ndoa," nikamwambia. "Ya binti yangu."

Akatafuna kwanza, akameza. "Bahari yote hii, juu ya kusema hapana tu? Kwenu simu haiko?"

Nikamweleza, na ninyi msiojua nawaeleza vilevile. Wambui ni kifungua mimba wangu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo Wambui ni mama yangu, na nikiwa nimefurahi namwita hivyo, mama. Alikwenda Amerika kutunza wazee, akasomea unesi hukohuko, ndiye amenilisha tangu nifukuzwe. Mwaka jana akapiga simu kwamba kuna kijana anaitwa Tom. Mzungu. Nikasema sawa, wazungu pia ni watu. Kisha akaniambia, tena kwa furaha, kwamba huyo Tom alilelewa na bibi yake, na bibi huyo kazi yake tangu astaafu ni kutafuta mababu zao waliokuwa masetla, yaani walowezi, wa kwanza wa jimbo lao la Maryland.

Setla. Hilo neno mimi nalijua kwa ngozi. Baba yangu alikamua ng'ombe wa setla mmoja kule juu ya Molo mpaka vidole vikapinda, na mbuzi wake walipozidi waliuzwa bila yeye kuulizwa. Uhuru ulipokuja, setla akauza, sisi tukaungana kikundi tukanunua, mimi nikapata ekari saba. Nikazilima mpaka mwaka ule wa fujo. Watu husema "vita vilitokea," kama mvua. Havikutokea. Vililetwa, na waliovileta wana majina. Kipkemoi, naibu wa chifu, aliyekunywa chai kwangu Jumapili, ndiye aliyeonyesha vijana nyumba ipi na ipi ya kuvamia. Diwani Samweli ndiye aliyetoa lori la kuwabeba. Na Ngatia, mtu wa lugha yangu mwenyewe, ndiye aliyekwenda ofisi ya ardhi sisi tukiwa bado kwenye mahema, akatoka na hati ya shamba langu ikiwa na jina lake. Mama yangu alikufa kwa baridi katika uwanja wa kanisa, akiniuliza kama nimefunga ndama. Hao watatu hakuna aliyewahi kuulizwa hata neno moja. Ngatia sasa ni mzee wa kanisa.

Basi kwetu, watu wakija kuomba binti huulizwa: ninyi ni wa mlango gani, na kwenu ni wapi? Nikaona swali hilo ndilo nitakalowashindia. Nitawauliza shamba lao walilipata wapi, watababaika, nami nitamchukua mtoto wangu mbali nao.

Yule mama wa Lubumbashi akafuta mikono. "Na kama hawababaike?"

 Ndege ikaitwa.

Gaithersburg ni mji wa Maryland wenye nyumba zinazofanana kama mikate ya duka moja. Wambui alinipokea akiwa na sare ya kazi, macho mekundu. Usiku ule ule nikamwambia nia yangu, maana sipendi kuficha.

"Baba, usianze ku-judge mtu hata hujam-meet," akasema. "Hiyo ni miaka mia tatu imepita."

"Miaka haimrudishii mtu shamba."

"Sawa. Uliza. Lakini ukishauliza, uwasikilize. Mimi sitaenda kinyume na wewe, unajua hivyo. Ukisema hapana ni hapana." Akageuka akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Hapo ndipo nilipojua uzito wa neno nililobeba. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Gaithersburg hadi Bladensburg

Bi Ellen, bibi yake Tom, alikuja siku ya pili. Mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa kama sabini na kitu, na viatu vya mtu anayetembea shambani. Msichana hatafsiri maneno ya ndoa yake mwenyewe, kwa hivyo Wambui alikuwa amemwomba jirani wa chini, Shabani, mtu wa Tanga anayeendesha basi dogo la wazee. Alikuwa likizo.

"Shikamoo mzee," Shabani akaniambia, "mimi leo ni mdomo tu, usinihesabu mtu."

Nikauliza swali langu. Shabani akalipeleka. Nilingoja yule bibi ajisifu au anune. Akafungua karatasi kubwa ya ukoo wao, pana kama kitambaa cha meza, yenye majina na mistari, akaweka kidole juu karibu na ukingo.

"Anasema mpaka hapa anajua," Shabani akatafsiri. "Huyu ni Ann. Shamba la kwanza lilikuja katika ukoo kwa huyu Ann alipoolewa. Lakini Ann ni binti ya nani, na babake alilipata vipi, hajui. Anasema swali lako ndilo linalomsumbua miaka yote. Anauliza, je, utakwenda naye kutafuta? Na kama kuna wiki mbili, anayo gari."

Nilikuwa nimekuja na shoka, huyu ananiambia twende msituni pamoja. Nikakubali, nikijiambia kwamba afadhali nimshike mwizi nikiwa papo hapo.

Gari lake lilikuwa refu, la kijani, limechakaa, na aliliendesha polepole katikati ya barabara kubwa inayozunguka mji mkuu wa Amerika, malori yakituzomea kwa honi. Tulikwama karibu na lori lililoangusha magodoro. Watu walikaa ndani ya magari yao kimya, hakuna aliyeshuka kuokota wala kuuza karanga. Bi Ellen akatoa mkate wenye nyama na tango chungu lililolowekwa siki. Lile tango nililiona kama adhabu, Shabani akala langu na lake.

"Watu wa bara mna shida," akasema. "Kitu kikiwa na ndimu kidogo tu mnakiita dawa."

Kule Bladensburg, Bi Ellen alituambia, tunakwenda kuona bandari ambako mababu zake walipeleka tumbaku ipakiwe meli za Ulaya. Tukafika. Kulikuwa na daraja, bata, na mto ambao mtoto mwenye nguvu angeurushia jiwe likafika ng'ambo.

Shabani alisimama mikono kiunoni. "Mzee, naomba unisaidie. Bandari iko wapi?"

"Mimi ni mtu wa Molo, unaniuliza mimi?"

"Kwetu Tanga huu tungeuita mfereji, tena wa maji machafu."

Bi Ellen alielewa kwa kututazama nyuso, akacheka. Akaeleza kwamba zamani meli ziliingia kweli. Lakini walilima tumbaku mwaka baada ya mwaka kwenye miinuko, udongo ukachoka, mvua ikaushusha wote mtoni, na bandari ikajaa matope ikafa. Alisema "tulilima." Hakusema "walilima." Hilo nililiweka akilini, ingawa sikutaka.

Upper Marlboro, halafu La Plata bila sababu

Ndoa za zamani za upande ule zimeandikwa katika vitabu, na baadhi unaweza kuvisoma mahakamani Upper Marlboro. Mji ni mdogo, umebonyea kama bakuli. Tuliketi kwenye benchi gumu, Bi Ellen akisoma kwa kidole, Shabani akisinzia, na mimi nikitazama tu. Nawaambia kweli, iliniuma. Wazee waliooana kabla ya babu ya babu yangu, majina yao yamo humo, na mvua haijawanyeshea. Mimi nilioa kwa mbuzi na mashahidi, na mashahidi wangu watatu wako udongoni.

Ann hatukumpata. Ila Bi Ellen alikuwa na orodha ya watoto wake, akaisoma kwa sauti. Binti wa kwanza Mary, wa pili Susanna.

Nikaruka. "Mwambie mama yake Ann aliitwa Susanna."

"Umejuaje?" Shabani akashtuka kutoka usingizini.

"Si binti wa pili huitwa kwa mama ya mke? Wa kwanza ni wa upande wa mume, huyo ni Mary. Wa pili lazima awe wa upande wa Ann."

Shabani akatafsiri. Bi Ellen alinitazama kama nimemfungulia mlango uliokwama. Akasema kwamba mume wa Ann mama yake kweli aliitwa Mary, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuona Susanna mmoja wa umri unaofaa katika wilaya jirani, kule La Plata. Alikusanya kalamu zake mara moja. Nami, lazima niseme, nilipanda lile gari kifua mbele. Nikawaeleza njia nzima jinsi kwetu mtoto hapewi jina ovyo, jinsi ukitaja watoto wangu umetaja wazee wangu wote.

La Plata tulikaa kutwa nzima. Tulimpata Susanna. Alikufa akiwa mtoto wa kunyonya.

Bi Ellen alifunga kitabu taratibu. Kisha, kwa upole, akauliza kama huenda desturi hiyo ni yetu peke yetu. Shabani akamuuliza wao huwapa watoto majina kwa kufuata nini.

"Anasema inategemea. Yeye aliitwa Ellen kwa sababu nesi aliyemzalisha mama yake aliitwa Ellen na alikuwa na nywele nzuri."

"Nywele?"

"Nywele, mzee."

Nikainuka nikatoka nje. Watu wazima, wenye mahakama na vitabu vya miaka mia tatu, wanawapa watoto majina kama watu wanaochagua mbwa. Shabani naye hakuniacha. "Profesa wa majina," akawa ananiita, "tuambie basi gari hili linaitwaje kwa upande wa mama."

Jioni Bi Ellen alitupeleka kula kaa, ati kutufariji. Walimwaga kaa wazima juu ya meza iliyotandikwa magazeti, wekundu, wamepakwa pilipili ya unga, kisha kila mtu akapewa nyundo ya mbao. Nilidhani nyundo ni ya kuwaua. Shabani akavunja wake kama mtu aliye nyumbani, akinyonya miguu.

"Mzee, huyu ameshakufa. Mpige tu."

Nikampiga, kipande kikaruka kikaingia kwenye chai ya barafu ya mzee wa meza ya pili. Yule mzee akakitoa kwa vidole, akakila, akaniinulia glasi. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonichekesha Amerika.

Annapolis

Jumba la kumbukumbu la Annapolis lina taratibu kama za hospitali. Mkoba unauacha nje, wino hauruhusiwi, ni penseli tu, na watu wanaongea kwa kunong'ona. Kumbukumbu nyingi wamezipiga picha kwenye filamu, unaizungusha ndani ya mashine unasoma kwenye kioo.

Tulipokuwa tunangoja filamu, mwanamke mmoja mweusi wa meza ya jirani, Mmarekani, wa umri wangu, alinisalimu. Shabani akamwambia tumetoka wapi na tunatafuta nini. Akacheka kidogo, akasema yeye anatafuta ndoa ya mababu zake pia, lakini anatafuta mahali pasipo na ndoa.

"Watumwa hawakuandikwa ndoa," Shabani akanitafsiria polepole. "Anasema watu wake anawatafuta katika orodha za mali za marehemu. Wanaandikwa jina moja moja, baada ya ng'ombe na kabla ya vitanda."

Yule mwanamke aliniuliza kama najua ukoo wangu. Nikamwambia najua, nikamtajia mababu zangu saba. Aliwaandika wote kwa penseli, majina ambayo hayamhusu, kwa mwandiko mzuri, kisha akarudi kwenye mashine yake.

Nikamgeukia Bi Ellen, maana alikuwa amesikia yote. "Muulize kama watu wake walimiliki watu."

Shabani alisita. "Mzee, una hakika?"

"Muulize."

Bi Ellen hakutazama chini. "Ndiyo," akasema, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Kisha akaendelea, na Shabani akanieleza: baba mkwe wa Ann na watoto wa Ann walikuwa nao. Orodha anayo nyumbani, na majina ya watu hao ameyanakili, akampelekea kila aliyemwandikia kuuliza. Nikauliza kwa nini hakunionyesha. Akasema alikuwa anangoja niulize, na kwamba alikuwa na hofu kwamba nikiona mapema sitapanda gari.

Nisingepanda. Hilo ni kweli.

Filamu ikaja. Tulipita majina mpaka macho yakauma. Adhuhuri hivi Bi Ellen akashika mkono wangu, akasahau kuuachia. Alikuwa amempata Ann akiolewa, binti wa Robert. Jina la ukoo sitaliandika, hayo ni ya wakwe. Kutoka kumbukumbu za ndoa akaenda kwenye za ardhi, na Robert alikuwemo. Alikuja kutoka Uingereza kama kibarua wa mkataba, maskini wa mwisho, alilimia wengine mpaka mkataba ukaisha, ndipo akapewa ekari hamsini zake mwenyewe. Na kwa kuwa hakuwa na mwana, shamba lilimfuata binti.

Huyo Robert alinigusa, sitaficha. Kibarua aliyepata shamba. Baba yangu angemwelewa. Nami nikafikiria kwamba kama si Ngatia, Wambui naye angekwenda kwa watu akiwa na shamba nyuma yake.

Bi Ellen akaanza kusoma mipaka ya shamba, Shabani akimfuata sentensi kwa sentensi. "Kuanzia mwaloni uliotiwa alama... kufuata kijito kuelekea juu..." Kisha bibi akasogea karibu na kioo. Akasoma kimoyomoyo. Mwandiko ule ulikuwa kama nyayo za kuku, Shabani asingeweza kuusoma, mimi ndio kabisa. Angeruka mstari ule, tungekwenda zetu kunywa kahawa.

Akausoma. Shabani akatafsiri kwa sauti ndogo. "Hadi kona ya shamba la zamani la Wahindi Wekundu. Wenyeji wa hapa, mzee."

"La nani?"

"Wenyeji."

"Nimesikia. Muulize jina. Shamba lina kona, lina mwenyewe."

Bi Ellen akarudi mwanzo wa karatasi, akasoma tena hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Hawakuandika jina," akasema. Aliondoa miwani.

Nilikuwa nimempata. Kilichonileta ndicho hicho, kimeandikwa na watu wao wenyewe kwa mkono wao. Nilingoja furaha ije. Haikuja. Nilimwona mtu fulani asiye na jina akisimama pembeni ya shamba lake, akiangalia watu wakitia alama kwenye mti.

Piscataway

Siku iliyofuata Bi Ellen alitaka tuone shamba lenyewe. Liko kusini, upande wa kijito kinachoitwa Piscataway, ambalo ni jina la wale wenyeji. Jina lao lilibaki kwenye maji.

Tulipotea sana. Ramani ya Bi Ellen ilikuwa ya zamani na barabara zilikuwa mpya. Mwishoni tulisimama kando ya kituo cha mafuta. Upande mmoja nyumba mpya za safu, upande wa pili kipande cha soya na miti. Hakukuwa na mwaloni. Shabani alinunua njugu, tukasimama tukizila, watatu, tukitazama soya kama watu wanaotaka kuinunua.

Nikamwambia Bi Ellen, kupitia Shabani, habari yangu yote. Kipkemoi, Samweli, Ngatia, kila mmoja na alichofanya. Mama yangu na yule ndama. Hakuniambia pole. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine. Lori lilikuwa la rangi gani? Hati ilikuwa ya mwaka gani? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata wale wa tume ya serikali waliokuja na koti kuchunguza fujo.

Mwisho akauliza, "Na kabla ya wewe?"

"Setla. Nimesema."

"Na kabla ya setla?"

Shabani alitafsiri akiangalia njugu zake.

Ninyi wa Molo mnajua jibu. Sisi sote tunajua, na hatulisemi, kwa sababu adui zetu wangelichukua wakalifanya fimbo. Nilitupa maganda chini, nikaingia garini, nikafunga mlango. Tulirudi Gaithersburg, Shabani akiwa bado ameshika njugu zake mkononi.

Gaithersburg tena

Jumamosi walikuja rasmi. Tom alivaa tai. Alinyoosha mikono miwili, akasema "Shikamoo" kama mtu anayemeza dawa, nami nikamwitikia. Nilimpenda uso wake siku ile, nilikuwa nimekataa kumtazama kabla. Bi Ellen alileta karatasi yake kubwa na mtungi wa juisi ya matofaa, kwa sababu Shabani alikuwa amemweleza kwamba waombaji huja na kinywaji, na kwamba yeye Shabani pombe hagusi. Wambui aliketi mbali kidogo, mikono mapajani, kama mama yangu alivyokuwa akiketi.

Nikasema, "Shabani, waambie nina jambo moja. Mbuzi sitaki, watakaa wapi humu. Nataka kwenye karatasi ile, juu ya Robert, paandikwe kwamba shamba lilikuwa na watu kabla yake."

 Tom alimtazama bibi yake. Ile ilikuwa kazi ya miaka yake yote ya ustaafu, na juu ya Robert palikuwa peupe, pasafi.

"Niandikeje?" Bi Ellen akauliza.

"Andika: hapa palikuwa na shamba la watu, majina yao hatuyajui."

Akatoa penseli. Kisha akairudisha mfukoni akachukua kalamu ya wino. Tukangoja mpaka amalize. Halafu akavuta mstari mpya upande wa Wambui, akaandika jina langu, na jina la mama yangu, akauliza aandike nini juu ya shamba letu.

Nikamtajia. Ekari saba, juu ya Molo. Zilichukuliwa na Kipkemoi, na Samweli, na Ngatia. Akaniomba nimtajie kila jina herufi moja moja, nikamtajia, na Ngatia nilimtaja mara mbili ili asikosee. Ni mara ya kwanza majina yale yaliandikwa mahali popote pamoja na walichofanya.

Hakuuliza tena lile swali la pili, la kabla ya setla. Kalamu ilibaki hewani tu. Wambui alikuwa akinitazama.

"Juu, kabla ya setla," nikasema, "andika Waogiek, wenyeji wa msitu ule. Walikuwa na mizinga ya nyuki kwenye miti yetu. Baba yangu aliikuta." Nikamwonyesha mahali kwa kidole. "Majina hatuyajui. Hilo halimfuti Ngatia, mwambie."

"Anasema ameelewa, halimfuti," Shabani akajibu.

Maneno yale yale sasa yalikuwa pande mbili za karatasi moja. Tom akamimina juisi kwenye glasi, akaiweka mbele yangu, akarudi nyuma. Kwetu, kinywaji cha waombaji baba hakigusi kabla hajamuuliza binti, maana akishakunywa hakuna kurudi.

"Mama," nikamwambia Wambui, "watu hawa wameleta kitu. Ninywe?"

Alijaribu kusema Kiswahili, kikakataa, akajaribu Kikuyu, kikakataa pia. Akaivuta glasi akanywa kidogo, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikanywa yote. Ilikuwa na sukari kupita kiasi.